La Zamani Kushoto, Jipya Kulia

Jina lake kamili, kama lilivyokaa midomoni mwa watu, lilikuwa Jicho binti Cherehani binti Mizani. La kwenye cheti lilikuwepo, lakini lilikaa kabatini pamoja na cheti chenyewe. Bibi yake aliitwa Mizani kwa sababu aliuza nafaka sokoni mpaka meno yakamtoka, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kuwa kapunjwa. Mama yake aliitwa Cherehani kwa sababu alishona sare za wanafunzi wa mtaa mzima, na hata leo wapo watu wazima wenye vitambi wanaokutana naye barabarani wakavuta shati chini kwa mazoea, wasije wakaulizwa kifungo kiko wapi. Na yeye Jicho alipewa jina hilo kabla hajafikia kimo cha meza ya kukatia vitambaa. Mama alikuwa akimtandikia vipande viwili vya shati na kumuuliza kipi kimekatwa vibaya, na mtoto ananyoosha kidole bila kusita.

Ukoo wa namna hiyo una uzito wake. Aliyezaliwa na watu wasiokosea hujifunza mapema kutokosea, au hujifunza kutoonekana kuwa amekosea. Kwa mbali hayo mawili yanafanana sana.

Alipokua, Jicho akawa mwandishi wa programu za kompyuta. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo, vyumba viwili vilivyofanywa kimoja kwa kuvunja ukuta, na kovu la ukuta ule lilikuwa bado sakafuni, kila mgeni lazima ajikwae. Humo walitengeneza programu ambayo wauguzi wa zahanati hutumia kuandikisha watoto na kuwaita kwa simu siku ya chanjo ikifika.

Kazi hiyo haiandikwi siku moja ikaisha. Leo huyu anarekebisha hapa, kesho yule anaongeza pale, na kompyuta inatunza kila toleo, la jana, la juzi, la mwaka juzi, hakuna linalotupwa. Basi swali la kila siku ofisini kwao ni hilohilo: kati ya toleo hili na lile, kumebadilika nini? Hakuna binadamu wa kupekua maelfu ya mistari akitafuta mmoja uliogeuzwa. Mashine ndiyo inayolinganisha. Unaliweka toleo la zamani kushoto, jipya kulia, nayo inakupakia rangi. Mstari uliotolewa unawaka mwekundu, ulioongezwa unawaka kijani, na isiyoguswa inakaa kimya kama watoto wenye adabu. Lakini mjuzi haishii kwenye rangi. Anajiuliza aliyegusa hapa alitaka nini, na katika kukitaka hicho, kipi kingine amekitikisa bila kujua.

Kwa hilo Jicho hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana Mkuu wa ofisi alimpa ukaguzi: hakuna badiliko litakalokwenda zahanati mpaka Jicho alipitishe. Mwanzoni walikuwa wawili kwenye kazi hiyo. Mwenzake alipohama, Mkuu akataka kumtafuta mwingine, Jicho akasema, "Wa nini? Mnaniona nimechoka?" Akabaki peke yake. Kazi za wenzake zikaanza kupanga foleni kwake kama ndoo kwenye bomba, na aliyethubutu kuuliza alijibiwa, "Haraka ya nini, una harusi?"

Miongoni mwa waliongoja kwenye foleni hiyo alikuwemo binti mmoja wa mkataba. Alikuwa wa mwisho kuajiriwa, wakamwita Mgeni, na jina likamganda hata kiti chake kilipokuwa kimeshachanika. Alikuwa mpole wa sauti na king'ang'anizi wa kazi. Asubuhi moja alisogea mezani kwa Jicho.

"Dada, samahani. Ile kazi yangu umeshaiona?"

"Nitaiona."

"Ni ile ya watoto wa simu moja. Naona ni ya kuharakisha kidogo."

"Mgeni, kila mtu hapa kazi yake ni ya kuharakisha. Kaa, nitakuita."

Mgeni akakaa. Hakuitwa.

Wiki zikapita. Ndipo muuguzi mkuu wa zahanati alipopiga simu, na Mkuu, asijue kinachokuja, akaifungua sauti wote wasikie.

"Nina mama hapa ana mapacha," alisema muuguzi. "Mmoja anacheza, mwenzake ana surua, hata macho hafungui. Nimetafuta kwenye mashine yenu, huyu mgonjwa hayumo. Imewafanya mtoto mmoja. Mama alikuja na wote wawili siku ya chanjo, mashine ikatuambia tumeshamaliza, akachanjwa mmoja. Mama alibisha sana. Nasi tukamwambia mashine haikosei."

Simu ilipokatika, Mkuu aliwatazama wote, kisha akamtazama Jicho peke yake. "Nataka kujua ni nani na ni lini. Leo."

Jicho alikwenda mezani kwake huku damu inamchemka. Akakuta matoleo mawili ya sehemu ile ya programu. Katika moja ulikuwemo mstari wa kinga, unaoiambia mashine kwamba watoto wenye simu moja na tarehe moja ya kuzaliwa watazamwe na majina pia, kabla ya kuhesabiwa kuwa mtoto mmoja. Katika toleo la pili mstari huo haukuwemo, nalo hilo la pili ndilo linalotumika zahanati. Sasa, matoleo hayaitwi la kwanza na la pili. Kila moja mashine hulibatiza kwa vurugu ya herufi na tarakimu zisizosema nani kaka na nani mdogo. Kumjua mkubwa lazima utazame tarehe. Jicho hakutazama tarehe. Alisema moyoni, linalofanya kazi leo ndilo jipya, basi lenye kinga ndilo la zamani. Akaliweka lenye kinga kushoto, lisilo na kinga kulia. Mstari ukawaka mwekundu. Akatazama jina la aliyeligusa mwisho toleo la kulia: Mgeni, wiki ile Jicho alipokuwa kitandani na homa, na Mkuu akapitisha mabadiliko madogo mwenyewe.

Hakuuliza zaidi. Aliyekuwa akinyoosha kidole bila kusita akiwa mtoto, alikinyoosha vilevile.

Aliwakusanya mbele ya ukuta mweupe na kuwasha projekta. Mstari ule ukatokea mwekundu, mrefu kama mkono.

"Huu hapa," alisema. "Ulikuwepo, ukatolewa. Kinga ya watoto. Na aliyeutoa jina lake lipo juu, hata mimi sina haja ya kulitaja."

Wote wakageuka kumtazama Mgeni.

"Dada, mimi sikuutoa," alisema Mgeni. "Mimi niliuongeza."

"Unaona rangi gani pale?"

"Naona nyekundu, lakini—"

"Basi. Rangi haidanganyi."

"Dada, tazama tena, mimi ndiye niliyeuongeza, ni ile kazi niliyo—"

"Kuna mtoto anaumwa, Mgeni. Kama huwezi kusoma kazi yako, usiwafundishe kusoma waliokutangulia."

Mzee wa Nyaya, fundi wa mitambo yao, aliyekuwa na utani hata msibani, alikuna kidevu na kutazama viatu. Mgeni alikusanya mkoba na kikombe chake. Alipopita kwenye kovu la ukuta alijikwaa, yeye aliyekuwa hakosi hatua miaka yote, na hakuna aliyemshika mkono.

Jioni ile Jicho alisimulia mezani kwa mama yake, na hakubana maneno. Cherehani alikuwa ameshazeeka, sindano haioni tena, ila masikio yalikuwa yamebaki na njaa.

"Ukamwambia hivyohivyo? Mbele yao?"

"Mbele yao."

"Umemnyoosha," alisema mama kwa raha. "Watoto wa siku hizi wanakata kitambaa wakiwa wanatazama dirishani. Ngoja nimpigie shangazi yako."

"Kesho, mama, kula kwanza."

"Chakula hakikimbii."

Na kweli alipiga. Jicho alisikia jina lake likipaa kwenye simu, akaongeza chai, akalala usingizi mzuri. Usingizi ule baadaye ndio uliomuuma kuliko yote.

Kesho yake Mkuu alimwagiza aurudishe mstari ule haraka, zahanati inangoja. Jicho akataka aunakili kama ulivyokuwa, asibadilishe hata nukta. Akarudi nyuma kwenye matoleo kuutafuta. Toleo la mwaka huu, haumo. La mwaka jana, haumo. Akashuka kama mtu anayeteremka kisimani, mpaka lile la kwanza kabisa, aliloliandika kwa mikono yake mwenyewe. Haumo. Kilichokuwemo ni kanuni yake ya zamani, iliyofupishwa kwa majivuno: simu moja na siku moja ya kuzaliwa, ni mtoto mmoja.

Alikaa akitazama. Mstari uliotolewa ni lazima siku moja uwe ulikuwepo. Huu haukuwahi kuwepo.

Akautafuta mbele badala ya nyuma, akaukuta mahali pamoja tu: kwenye foleni ya kazi zinazongoja ukaguzi wake. Tarehe yake ilikuwa ya baada ya lile linalotumika zahanati, ambalo Mgeni alikuwa amegusa jambo jingine dogo tu. Juu yake Mgeni alikuwa ameandika, kwa ufupi wake uleule, "Watoto wawili wanaweza kuwa na simu moja na siku moja ya kuzaliwa. Tusiwafanye mmoja."

Jicho aliyapanga upya matoleo yale, la zamani kushoto, jipya kulia. Mstari ukawaka kijani.

Jasho lilimtoka mahali asipojua kuwa panatoka jasho. Hakupata hata pa kumlaumu shetani. Kosa aliliandika yeye. Dawa ililetwa mezani kwake, akaiweka chini ya matako kama mto. Na mtoto alipougua, aliyeleta dawa ndiye aliyesimamishwa ukutani. Akakumbuka sauti ile, "naona ni ya kuharakisha kidogo," na akakumbuka pia kwamba wakati binti anasema vile, yeye alikuwa anachonga penseli ambayo hata haitumii.

Aliipitisha kazi ya Mgeni papo hapo, maana watoto hawana kosa. Kinga ikaenda zahanati. Mkuu alipita nyuma yake.

"Umeshaurudisha?"

"Umeshafika," alisema Jicho. Na hilo lilikuwa kweli, ndio ubaya wake.

"Ofisi hii bila wewe tungefunga milango. Yule binti mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Siuongezi. Nimeshawaambia na wale wengine waliokuwa wanamtaka kwenye kazi yao, wasije wakaingizwa mkenge."

Jicho aliinamia kompyuta, akajifanya anasoma. Mkuu akamgonga bega kwa shukrani, akaenda zake, na pale alipogongwa pakawaka mpaka jioni. Mchana Mzee wa Nyaya alimwona hajagusa chakula, akasema, "Vipi, leo Jicho limeingia mchanga?" Wenzake wakacheka. Naye akacheka, hapo ndipo alipojichukia barabara.

Nyumbani alimkuta mama ana jirani wawili sebuleni, na habari ilikuwa imeshanenepa. Sasa Mgeni alikuwa mlevi wa simu, na Jicho kaokoa watoto mia. Jirani wakamsalimu kwa heshima mpya. Alingoja waondoke, akakaa chini kwenye mkeka miguuni kwa mama yake.

"Mama, yule binti hakutoa kitu. Mimi niliyageuza. Alichoongeza yeye, nikakionyesha kuwa kakitoa."

Cherehani alipapasa ukingo wa khanga yake, kama anatafuta ulipofumuka.

"Nani anajua?"

"Mimi. Na yeye."

"Yeye keshaondoka?"

"Keshaondoka."

"Basi nyamaza," alisema mama. "Kazi si imeshatengenezwa? Mtoto si anapona? Nyumba hii haijawahi kusemwa. Mvuliwa nguo huchutama, mwanangu. Chutama, kitapita."

Jicho alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza akamwona mtu mdogo aliyeogopa maisha yake yote. Alimwonea huruma, kisha akaona haya kwa kumwonea huruma, maana sauti ile ilikuwa ndiyo iliyosema ndani yake mchana kutwa.

"Aliyevuliwa ni yeye, mama. Mimi ndiye niliyevua."

"Na shangazi yako nitamwambia nini?"

"Mwambie hivyo."

Asubuhi hakwenda ofisini moja kwa moja. Alikwenda anakokaa Mgeni, chumba cha uani, kamba ya nguo mlangoni. Mgeni alikuwa anaanika mashuka. Alimwona, akaendelea kuanika.

"Shikamoo, dada."

Jicho alitamani angetukanwa. "Marahaba. Mgeni, niliyapindua. La zamani nililifanya jipya."

"Najua. Nilijua palepale."

"Mbona hukunikatiza?"

Mgeni alibana kibanio kwenye shuka. "Nilisema mara mbili. Ukaniambia rangi haidanganyi."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikosa, tena nilikosa kwa kiburi. Kazi yako ilikuwa kwangu muda wote."

"Nimekusikia." Akachukua shuka jingine. "Lakini hapa tuko wawili, dada. Kule tulikuwa wote. Na Mkuu keshapiga simu kule nilikokuwa naombea kazi. Dada yangu kaniuliza kama ni kweli niliua mtoto."

"Mtoto hajafa. Katoka wodini, macho yake bado mekundu."

"Waambie hilo pia."

"Basi twende."

"Tangulia. Siendi kwa kuongozana na wewe. Nitakuja kwa miguu yangu."

Jicho alitangulia. Njiani alijaribu kuyapanga maneno, kila alilolipanga likatoka limevaa vizuri mno. Alipofika aliwaita wote mbele ya ukuta uleule, akawasha projekta, na Mzee wa Nyaya akaja kumshikia waya bila utani. Mgeni aliingia, akasimama mlangoni.

"Juzi niliwaonyesha hivi," alisema Jicho, na mstari ukatokea mwekundu. "Nilikuwa nimeyageuza. Hivi ndivyo yalivyo." Akayapanga sawa. Kijani. "Mstari huu haukuwahi kutolewa na mtu. Haukuwepo. Kanuni iliyowafanya mapacha kuwa mtoto mmoja niliiandika mimi, siku programu hii inazaliwa. Aliyeliona kosa ni Mgeni. Aliniletea dawa yake, akanikumbusha, nikaikalia. Jana Mkuu aliniuliza kama nimeurudisha, nikamwacha anisifu."

Mtu mmoja akavuta kiti, kikalia sakafuni. Jicho alisimama na uso wake, hana pa kuuweka. Alikuwa amedhani kusema kutamwondolea mzigo. Ulibaki palepale, ila sasa wote waliuona.

"Mbona hukusema jana?" aliuliza Mkuu.

"Niliona haya."

"Na leo?"

"Leo pia naona haya."

Mzee wa Nyaya akaguna. "Angalau hilo halijageuzwa." Hakuna aliyecheka sana.

Mkuu aliingia chumbani kwake na mlango akauacha wazi, wakamsikia akipiga simu kule alikomharibia Mgeni, sauti yake ya chini, maneno mengi ya "hapana, kosa letu." Kisha akapiga zahanati, na hapo akamwita Jicho, akampa simu mkononi, aseme mwenyewe kwa mama wa mapacha. Aliyoambiwa huko na yule mama hakumsimulia mtu, hata Cherehani.

Alipotoka alikwenda kwa Mgeni, aliyekuwa bado hajaweka mkoba chini.

"Mkataba wako unaendelea, Mkuu kasema. Ukitaka. Na ukaguzi nimeomba tuwe wawili, kama zamani. Wa pili ni wewe."

"Sitaki zawadi, dada."

"Si zawadi. Foleni yangu umeiona. Nusu yake ni yako kuanzia leo, nayo ina kazi za watu waliongoja mpaka wakaacha kuuliza. Na kila nitakachoandika mimi, wewe ndiye utakayekipitisha. Hakitakwenda popote bila wewe."

Mgeni alifikiri. "Nitakurudishia. Nikiona kosa sitaangalia umri."

"Rudisha."

"Na nitauliza. Ukiniambia 'una harusi?', naondoka."

"Uliza."

Mgeni akaweka mkoba chini. Jicho akamfungulia kazi ya kwanza, marekebisho aliyoyaandika yeye Jicho usiku wa jana kwenye kanuni ile ya zamani. Mgeni alitazama tarehe za matoleo yote mawili kwanza, la kushoto, kisha la kulia, akavuta kiti karibu. Jicho alibaki amesimama nyuma yake, anachungulia.

"Dada," alisema Mgeni bila kugeuka, "kaa kwako. Nikimaliza nitakuita."

Jicho akaenda kukaa, akangoja.